A tisa za mwanafunzi asiyekuwepo

Mwaka juzi, kwenye matokeo ya nusu muhula ya kidato cha pili, mwanafunzi ambaye hakuwa ameonekana shuleni tangu Februari alipata A masomo yote tisa. Jumla yake sifuri, nafasi yake ya mwisho, na A tisa zimejipanga kama askari wa gwaride. Orodha ilikuwa imeshabandikwa. Wanafunzi waligundua kabla ya walimu, na wiki nzima kila nikipita uwanjani nasikia mtu nyuma yangu: "Mwalimu, na mimi kesho nisije?"

Aliyeandaa matokeo yale ni mimi. Nafundisha Fizikia na Hisabati shule ya kata, mkoani Morogoro, na mwalimu akishaonekana anajua kuwasha projekta, basi kila chenye waya pale shuleni ni chake.

Kilichotokea ni hiki. Asiyefanya mtihani tunamwandikia X. Fomula yangu ya madaraja ilikuwa inauliza: alama imefika 75? Sasa, kwa Excel, programu ya majedwali ninayotumia, herufi yoyote ni kubwa kuliko namba yoyote. X ikaulizwa kama imefika 75, Excel ikasema ndiyo, ikatoa A. Dawa ni kuilazimisha kwanza ihakikishe kuwa kilichomo kwenye seli ni namba. Mimi hupanga hivi: A namba, B jina, C jinsi, D hadi L alama za masomo tisa, M jumla, N nafasi, na madaraja yanaanzia O. Kwa hiyo kwenye O2 naandika:

=IF(ISNUMBER(D2),IF(D2>=75,"A",IF(D2>=65,"B",IF(D2>=45,"C",IF(D2>=30,"D","F")))),"X")

Ngazi hizo ni zile za Baraza la Mitihani. Bonyeza Enter, shika kile kidoa cha mraba kwenye kona ya chini kulia ya seli, buruta kwenda kulia mpaka somo la tisa, halafu shuka mpaka mwanafunzi wa mwisho. Kuna kompyuta zinazokataa mkato na kutaka nuktamkato. Ikikugomea, badilisha hizo kabla hujailaumu fomula.

Fomula hii ina faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kuna walimu huandika arobaini kwa 4 na herufi O. Zamani mtoto wao angepewa A. Sasa inatoka X, na X kwa mtoto aliyefanya mtihani inakuonyesha moja kwa moja pa kwenda kuangalia.

Ni vizuri zaidi kuzuia kosa mlangoni. Chagua seli zote za alama kuanzia D2, nenda Data, kisha Data Validation. Wengi huchagua namba nzima kati ya 0 na 100, halafu wanashangaa X inakataliwa. Chagua Custom na uandike:

=OR(D2="X",AND(ISNUMBER(D2),D2>=0,D2<=100))

Hapo mwalimu akiandika 770 akimaanisha 77, kompyuta inamgomea palepale. Ila jihadhari: alama zilizonakiliwa na kubandikwa kutoka faili jingine hupita bila kuulizwa, kwa hiyo waombe wenzako wachape wenyewe. Madam wetu wa Kiswahili hubandika mpaka leo.

Nafasi: =RANK(M2,$M$2:$M$93,0), kwa darasa langu la watu 92. Usiache zile alama za dola. Ukiziacha, kila unaposhuka mstari na eneo la kulinganisha linashuka nawe, na yule wa chini kabisa kwenye orodha analinganishwa na seli tupu, anakuwa wa kwanza. Mkuu wa shule akitaka idadi ya wasichana waliopata A somo la kwanza, =COUNTIFS($C$2:$C$93,"KE",O$2:O$93,"A"). Kwenye jinsi andika KE na ME. Ukiweka F ya msichana karibu na F ya kufeli, wasomaji watakusumbua kwa maswali.

Na ukitaka kupanga kuanzia wa kwanza, chagua jedwali zima, majina na yote. Ukichagua safu ya jumla peke yake, Excel itakuuliza kama ipanue eneo. Ukiwa na haraka ukakataa, na jumla zako ni namba zilizochapwa, si fomula, jumla zinahama na majina yanabaki palepale. Ukiona hivyo, bonyeza Ctrl na Z kabla hujahifadhi. Mimi sasa huwa nafanya nakala ya faili kwanza, ndipo napanga.

Matokeo yametosha, twende darasani.

Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu, kwa hiyo zana nyingi za maswali ya mtandaoni zinatuacha mlangoni. Iliyonifaa ni Plickers, kwa sababu inahitaji simu moja tu, ya mwalimu. Wanafunzi wanashika kadi za karatasi. Kila kadi ina mchoro mweusi wa aina yake, na pande nne zenye A, B, C na D. Mwanafunzi anaigeuza kadi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, wewe unapitisha kamera ya simu darasani, na majibu yanaingia yenyewe. Herufi zimeandikwa ndogo na michoro haifanani, kwa hiyo kumwibia jirani ni kazi ngumu.

Kadi zipo za bure kwenye tovuti yao, seti ya 40 na ya 63. Mimi nina watu 92, hakuna seti inayowatosha. Nikaamua kadi moja kwa dawati, wawili wawili, kadi 46. Ikawa bora kuliko nilivyopanga, kwa sababu wanalazimika kubishana kabla ya kuinua. Chapa kwenye karatasi ya kawaida, gundisha kwenye boksi la madaftari. Usizitie plastiki inayong'aa. Mwanga ukirudi kutoka kwenye kadi, kamera haisomi. Waambie washike pembeni, kwani kidole kikifunika sehemu nyeusi kadi hiyo imepotea. Simama upande ambao madirisha yako nyuma yako, yasiwe nyuma yao. Bando liwepo, hata dogo.

Ugumu uko kwenye kutunga swali. Kila jibu lisilo sahihi libebe kosa lake. Niliwauliza: betri ya volti 12, ukinzani wa omu 4, mkondo ni kiasi gani? Majibu: 3, 48, 8, 16. Wa 48 amezidisha, wa 8 ametoa, wa 16 amejumlisha. Kadi 29 kati ya 46 zikaja na 48. Dakika tano kabla nilikuwa nimeuliza "Mmeelewa?" na darasa zima likajibu "Ndiyooo". Nikafuta ubao, nikaanza upya, safari hii na kompyuta.

Kwa hilo nilitumia PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni majaribio ya maabara ndani ya kompyuta, na mengi unayapakua kama faili moja la HTML, ukalifungua baadaye kwenye kivinjari bila intaneti. Mimi hupakua nikienda mjini kwenye mtandao mzuri, nikahifadhi kwenye kompyuta mpakato. Tafuta lile la saketi za mkondo mnyoofu. Jenga saketi ya betri na taa, ongeza ukinzani, wacha waone mkondo unavyopungua. Halafu unganisha waya mtupu kutoka mwisho mmoja wa betri hadi mwingine: betri inawaka moto kwenye skrini. Darasa litapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani aje. Siku hiyo hakuna aliyezidisha tena. Umeme ukikatika, wale wenye vishikwambi tulivyopewa baada ya Sensa ya 2022 wanaweza kuhamishia picha za skrini humo na kuzungusha kwa makundi. Si sawa na projekta, lakini kipindi hakifi.

Kwenye WhatsApp nina neno moja tu. Usitume orodha nzima ya matokeo kwenye kundi la wazazi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata isingekuwepo, mzazi wa mtoto wa 92 naye ana macho. Tuma kwa kila mzazi mstari wa mtoto wake. Matangazo ya kikao tuma kwa orodha ya matangazo (broadcast), ukijua kwamba asiyehifadhi namba yako hatayapata.

Mwisho ni flashi. Ukitoka steshenari ukakuta mafaili yamegeuka vijia vya mkato (shortcut) na hakuna linalofunguka, usifute wala usifomati. Mara nyingi kirusi kimeyaficha tu. Chomeka kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi, ichanganue kwanza, kisha fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye Windows, na, kama kompyuta imeipa flashi herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo, mafaili yatarudi. Vile vijia vya mkato futa, usivibofye. Siku hizi nikienda kuchapa naligeuza faili kuwa PDF, namtumia kijana wa steshenari kwa simu, na flashi inabaki nyumbani. Akimaliza, nasimama pale mpaka alifute nikiona.