Mtoto wa miaka 3 hadi 5 hataki kula wala kulala: anzia kitandani, si mezani

Mtoto anafumba mdomo mezani, usiku anagoma kulala, asubuhi analia kwa jambo dogo. Wazazi wengi huhangaika na kila tatizo kivyake. Mimi nasema yanakwenda pamoja, na pa kuanzia ni usingizi.

Hatua ya 1: Shika saa ya kuamka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi, ukijumlisha na wa mchana. Aliyekosa usingizi mara nyingi hasinzii; anarukaruka, anapiga wenzake, anabishia kila kitu. Mzazi akiona hivyo hudhani bado ana nguvu, akamwacha akeshe. Mwamshe saa ileile kila siku, hata siku za mapumziko. Usiku, fuata mpangilio usiobadilika: kuoga, mswaki, hadithi, taa. Simu na televisheni zizimwe saa nzima kabla.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi mezani. Hapa tukae kidogo. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliligawa jukumu hivi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile kabisa. Hilo la mwisho huwashtua wazazi, nami nawaelewa. Lakini baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua hupungua, na hamu ya kula hupungua nayo. Kukataa chakula kigeni ni kawaida ya umri huu. Huenda akahitaji kukiona mara 10 au zaidi kabla hajakizoea. Ukimlazimisha, anaichukia meza. Ukimhonga pipi ili amalize mboga, umemwambia kwamba mboga ni adhabu. Mpakulie kidogo sana, pawepo na kitu kimoja anachokipenda, mle pamoja. Ikipita nusu saa, ondoa vyombo bila maneno. Hadi mlo au kitafunwa kinachofuata, maji tu.

Hatua ya 3: Mpe maneno ya hisia zake. Anayeogopa kuachwa peke yake hasemi hivyo. Anasema tumbo linauma, au anaomba maji tena na tena. Mwambie: "Umekasirika kwa sababu mchezo umeisha. Nimekuelewa. Sasa tunaoga." Unakubali hisia, kanuni inabaki palepale. Kama amezaliwa mdogo wake, mmehama, au ameanza chekechea, tegemea kula na kulala kuyumba kwa muda. Mchana mpe dakika 10 za mchezo anaouongoza yeye, wewe ukifuata tu.

Maswali ya wazazi

*Mwalimu, wangu wa miaka 4 akishalala kidogo tu huketi akipiga mayowe, macho wazi, hanitambui. Asubuhi hakumbuki. Nimwamshe?*

Usimwamshe, mama. Hiyo ni hofu ya usingizi mzito, hutokea zaidi sehemu ya kwanza ya usiku. Mlinde asijiumize, ngoja ipite. Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri: huamka, anakutambua, anataka kukumbatiwa. Hofu hizo huzidi akikosa usingizi, kwa hiyo rudi hatua ya 1.

*Wangu anakunywa maziwa kutwa, chakula hagusi. Nifanyeje?*

Maziwa ndiyo yanayomshibisha. Yapunguze hadi kama nusu lita kwa siku, kwa kikombe, baada ya chakula. Maziwa mengi mno huweza kuleta upungufu wa madini ya chuma, nao huvuruga hata usingizi. Mwombe daktari ampime damu.

*Nitajuaje kwamba huu si ukaidi, ni ugonjwa?*

Uzito ukipungua au usipopanda. Akipaliwa mara kwa mara. Akila udongo. Akikoroma karibu kila usiku huku pumzi ikikatika. Akipoteza maneno aliyokuwa nayo, au akiacha kabisa kucheza na wenzake. Ukiona hata moja, mpeleke hospitali sasa, usisubiri kwanza ujaribu hatua hizi.