Somo: Chaji ya siku saba mlimani Kilimanjaro

Somo hili ni la wanaopanda kwa Machame au Lemosho, njia za mahema, ambako soketi hakuna. Wengi hufikiria wingi wa umeme tu, kumbe baridi ndiyo inayowaacha gizani.

1. Piga hesabu kabla ya kununua pawabenki. Ile mAh 20,000 iliyoandikwa (mAh ni kipimo cha chaji inayohifadhiwa) ni ya seli za ndani, zenye volti 3.7. Hiyo ni Wh 74 (Wh, yaani wati-saa, ni kipimo cha nishati: chaji mara volti). Umeme ukipandishwa hadi volti 5, na sehemu yake ikipotea kama joto, unabaki na kama mAh 12,500. Simu ya mAh 5,000 itajaa mara mbili na nusu. Simu ya kupigia picha tu, ikiwa kwenye hali ya ndegeni, hula takriban asilimia 15 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo 20,000 inamtosha mtu mmoja na taa yake. Ya 10,000 inajaza mara moja na robo: ukipiga video sana, haikufikishi.

Anayekuja kwa ndege aibebe mkononi, si kwenye begi la kukabidhi, na isizidi Wh 100. Iwe na maandishi yanayosomeka. Iliyofutika huleta ubishi pale ukaguzi.

2. Anza kuijaza siku mbili kabla. Chaja ya volti 5, ampea 2, huchukua kama saa 9 kujaza 20,000. Umeme ukikatika mjini Moshi usiku wa mwisho, umekwisha. Wageni wabebe adapta ya pini tatu bapa.

3. Waya mbili, fupi na nene. Mwembamba mrefu hupoteza volti na simu inachaji kwa kusuasua.

4. Hali ya ndegeni tangu getini. Simu inayohangaika kutafuta mtandao hula betri kuliko kamera. Washa mtandao jioni dakika kumi, tuma ujumbe, zima.

5. Lala na betri zako. Pawabenki, simu na betri za kamera ziingie kwenye begi la kulalia, ndani ya soksi kavu. Usiku wa kilele vaa simu ndani, karibu na mwili. Mfuko wa nje wa koti ni friji.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mbona simu inazimika Stella Point, pale ukingoni mwa kreta karibu na kilele, ikiwa na asilimia 30, halafu ukishuka inawaka tena?*
Chaji ipo, ila baridi huongeza ukinzani ndani ya betri. Kamera ikidai umeme kwa ghafla, volti inaanguka na simu inajizima. Ipashe joto kwapani dakika kumi kisha uiwashe.

*Nikiichomeka kwenye pawabenki hapo hapo je?*
Usifanye hivyo simu ikiwa ya baridi kali. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hujipaka juu ya elektrodi, na uwezo uliopotea haurudi. Joto kwanza, waya baadaye.

*Sola ya kuning'iniza kwenye begi inafaa?*
Kama nyongeza tu. Siku ya kwanza ni msituni, kivuli kitupu. Baada ya hapo mgongo wako unageuka kila kona na mawingu hupanda mchana. Ukiwa nayo, itandaze kambini na ichaji pawabenki, si simu moja kwa moja.

*Naweza kuchaji usiku kucha ndani ya begi la kulalia?*
Hapana. Kuchaji kunatoa joto, na humo halina pa kutokea. Chaji jioni hemani ukiwa macho, ukimaliza chomoa ndipo ulale nazo.

*Taa yangu inatumia betri ndogo za AAA, niweke zipi?*
Za lithiamu zisizochajika. Alkalaini hufifia kwenye baridi, na kilele kinaanza kupandwa karibu saa sita usiku. Beba seti moja ya akiba, mfukoni, si kwenye mzigo wa mpagazi, kwa kuwa mzigo huo hauendi kileleni.