Namna ya kuongoza somo la kanisani kuhusu ushoga: mtu huzaliwa hivyo au huchagua?

Somo hili huharibika mapema, na sababu huwa ileile: watu hubishania mambo matatu wakidhani ni moja. Mmoja anasema juu ya mvuto, yaani moyo wa mtu unaelekea wapi bila yeye kupanga. Mwingine anasema juu ya tendo. Wa tatu anasema juu ya utambulisho, jinsi mtu anavyojiita na kuishi. Kwa hiyo chora safu tatu ubaoni kabla hamjafungua Biblia: MVUTO, TENDO, UTAMBULISHO. Kila anayechangia, mwulize maneno yake yanaingia safu ipi. Swali la "kuzaliwa au kuchagua" linahusu safu ya kwanza tu. Tendo huchaguliwa, na hilo hakuna upande unaolibishia.

Panga vikao vitatu vya dakika 90, watu wasizidi 12. Wakizidi hapo, wakimya hawasemi kabisa, na mara nyingi ndio wanaohusika zaidi. Ongea ukichukulia kwamba mwenye jambo hili, au mzazi wake, ameketi humohumo. Wekeni masharti mawili: asiyekuwepo hatajwi jina, na hakuna anayeshurutishwa kueleza habari zake.

Kikao cha kwanza ni cha chanzo. Anza na mapacha. Mwaka 1991 watafiti wawili, Bailey na Pillard, walichunguza wanaume wanaovutiwa na wanaume wenzao: kwa mapacha wa kufanana, asilimia 52 ya ndugu zao walikuwa hivyo pia, kwa mapacha wasiofanana, asilimia 22. Sema pia kasoro yake: washiriki walipatikana kwa matangazo, na tafiti za baadaye zilizotumia orodha za kawaida za mapacha zilipata viwango vya chini. Hata hivyo funzo ni lilelile. Urithi unachangia, lakini hauamui peke yake, maana ungeamua peke yake, mapacha wa kufanana wangelingana wote.

Kisha utafiti mkubwa wa mwaka 2019 uliopima watu zaidi ya 470,000. Haukupata jeni moja la ushoga. Tofauti za kawaida za kijeni kwa jumla zilieleza asilimia 8 hadi 25 ya tofauti za mwenendo kati ya watu, na haziwezi kutabiri habari za mtu mmoja. Rudi ubaoni hapo: kipimo kikuu cha utafiti huo kilikuwa kama mtu amewahi kushiriki tendo, si mvuto wenyewe.

Hapa ndipo kundi huteleza. Atatokea mtu aseme: "Basi kama si jeni, ni uchaguzi." Msimamishe kwa upole. Tumbo la mama nalo ni mazingira, na hakuna aliyelichagua. Imeonekana mara nyingi kwamba mwanaume mwenye kaka wakubwa wengi wa mama mmoja ana uwezekano mkubwa kidogo wa kuvutiwa na wanaume, na maelezo yanayopendekezwa ni mabadiliko ya kinga ya mwili wa mama wakati wa mimba. Jambo linaweza lisitokane na jeni na bado lisiwe la hiari.

Kuhusu kubadilika, taja Exodus International, huduma ya Kikristo iliyoanzishwa Marekani mwaka 1976 kusaidia watu waache ushoga. Mwaka 2012 kiongozi wake, Alan Chambers, alikiri kwamba asilimia 99.9 ya aliokutana nao hawakubadilika mvuto. Mwaka uliofuata ilifungwa. Ni kweli mvuto wa baadhi ya watu husogea wenyewe kadiri miaka inavyopita. Kusogea huko si sawa na kubadilishwa kwa juhudi, na usiahidi.

Kabla hamjaachana, wekeni wazi kwamba chanzo hakitoi hukumu. Anayeamini dhambi ya asili hawezi kusema "nimezaliwa nacho, basi ni chema". Wala anayejua mvuto hauchaguliwi hawezi kumtendea mtu kama aliyeamua kuasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 2357 hadi 2359, inakiri kwamba chanzo cha hali hii kwa sehemu kubwa hakijaelezeka. Hata hivyo inayakataa matendo, na papo hapo inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, bila ubaguzi usio wa haki.

Kikao cha pili, someni Mwanzo 19, Walawi 18:22 na 20:13, Warumi 1:18 hadi 2:1, 1 Wakorintho 6:9–11 na 1 Timotheo 1:9–10. Kosa la kawaida ni kukatisha Warumi kabla ya 2:1, mahali Paulo anapomgeukia mwenye kuhukumu. Kwa Sodoma ongezeni Ezekieli 16:49–50 na Yuda 7, msichague kimoja. Mtagundua kwamba hakuna kati ya vifungu hivi kinachoeleza mvuto wa mtu mmoja mmoja ulianzaje.

Kikao cha tatu ni cha misimamo: wanaotaka mtu atafute kubadilika, wanaokubali kwamba mvuto unaweza kubaki na kumwita mtu kwenye useja, na wanaobariki ndoa za watu wa jinsia moja, kama Presbyterian Church (USA), kanisa la Kipresbiteri la Marekani, tangu 2015. Kila mmoja aeleze msimamo anaoupinga mpaka mwenye nao aseme, "Ndivyo ninavyoamini." Akishindwa, arudie.

Akitokea mtu akakufuata pembeni na kukwambia yeye ni mhusika, mshukuru kwa kukuamini, kisha sikiliza. Usimwambie mzazi wala mchungaji bila ruhusa yake. Usimwite mbele kuombewa. Mwulize kama nyumbani yuko salama, na nani mwingine anajua. Akigusia kutaka kufa, usimwache peke yake. Kaa naye, na mpelekeni kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.