Ukienda kumwona mzazi, mtazame na yeye

Kwetu Mikindani mtu akijifungua nyumba hujaa. Wanakuja na sabuni, khanga, unga wa uji. Wanambeba mtoto, wanatafuta kafanana na nani, wanaondoka. Kifungua mimba wangu nilimzaa Novemba, msimu wa korosho. Mama alinikanda siku kumi, akarudi shamba Nanyamba kuokota. Nililia kila alasiri kwa wiki tano, na kila aliyeuliza "hujambo mzazi?" nilimjibu sijambo. Haya basi nawaandikia mnaokwenda kumwona mzazi, wewe mama mkwe, wifi, shoga, na mume pia.

Usiulize "nikusaidie nini?" Atasema hakuna. Chukua beseni la nepi ukafue. Wifi yangu alinigundua akiwa anafua, mimi nimekaa kizingitini. Hakunitazama. Huku anakamua akasema, "Wifi, jana usiku ulilala saa ngapi?" Nikaanza kuhesabu, machozi yakanitangulia. Akaendelea kukamua. Hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia kuna wanaotafuta watoto hawapati. Hilo la mwisho nawasihi msimwambie mzazi yeyote, linamfunga mdomo.

Kwa hiyo uliza jambo lenye jibu: amelala saa ngapi, amekula nini tangu asubuhi, mtoto akilia yeye hupatwa na nini. Kisha subiri. Akikaa kimya, kaa kimya naye.

Halafu hesabu siku. Machozi ya siku ya tatu au ya nne huwapata wazazi wengi, na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au akawa hana hamu na chochote, halali hata mtoto akilala, anajiona hafai kuwa mama, huenda ni sonona. Ni ugonjwa, unatibika, na unaweza kuanza hata mimba ikiwa bado tumboni. Wapo watakaosema amechezewa. Sigombani na anayetaka dua. Isomwe, na hospitali aende.

Usimtume, fuatana naye. Siku ya chanjo ya wiki ya sita ni nzuri, kwa kuwa hakuna atakayeuliza mnakwenda wapi. Mwambieni muuguzi kwamba mna neno la faragha. Kipo kipimo cha maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kilichotungwa Edinburgh mwaka 1987. Swali la mwisho linauliza kama mama amewaza kujidhuru. Akiulizwa, ajibu kweli. Mimi mara ya kwanza niliambiwa, "Mbona mtoto anaongezeka uzito?" Nikarudi nyumbani nimenywea. Wiki iliyofuata wifi alinirudisha, tukaomba muuguzi mwingine, naye akavuta kiti akanisikiliza. Nanyi msikate tamaa na jibu la kwanza.

Matibabu mengi huanza kwa mazungumzo na mshauri. Zikihitajika dawa, zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Daktari ndiye wa kuchagua, asimeze za kubahatisha wala asiache kunyonyesha kwa kuambiwa na jirani.

Kuna hali isiyosubiri kesho. Mzazi akianza kusikia sauti, kusema maneno yasiyoeleweka, kukesha siku mbili tatu bila kuonekana kuchoka, au kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpelekeni siku hiyohiyo: Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi mjini, au hospitali iliyo karibu. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja.

Kama alichezwa unyago, mtafuteni na somo wake, yule aliyemfunda. Yapo mambo ambayo binti hamwambii mamaye mzazi, kwa somo akayatoa yote.

Na arobaini ikitoka, watu hukoma kuja. Wifi yangu hakukoma. Siku ya hamsini alinikuta nimelala, akamchukua mtoto akakaa naye chini ya mwembe hadi adhuhuri, na hakuniamsha.