Jinsi ya Kuchagua Piano ya Dijitali ya Mazoezi ya Nyumbani

Mwanafunzi wangu mmoja alifanya mazoezi kwa miezi minane kwenye kinanda chepesi cha vibonye 61, na siku alipoketi mbele ya piano halisi kwa mara ya kwanza, karibu nusu ya noti alizozigusa hazikulia. Nyimbo zake alizijua vizuri, ila vidole vyake havikuwa vimewahi kukutana na uzito. Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri, huanza na yale ambayo hawezi kuyabadilisha akishanunua, ndipo nifikie yale yanayoweza kurekebishwa baadaye.

Hatua ya 1: Hesabu vibonye, kisha vipime

Piano kamili ina vibonye 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Anayeanza hatavihitaji vyote mwaka wa kwanza, lakini vibonye 61 vitamwishia mapema, hasa mkono wa kushoto ukianza kushuka kwenye besi. Nenda na rula: vibonye saba vyeupe vinavyofuatana vinapaswa kuchukua takriban sentimita 16.5. Vikiwa vyembamba zaidi ya hapo, mkono utazoea umbali ambao hautaukuta kwenye piano nyingine.

Hatua ya 2: Jaribu mguso

Hapa usiwe na haraka. Katika piano halisi kila kibonye husukuma nyundo inayogonga nyuzi, na nyundo za besi ni nzito kuliko za noti za juu. Piano ya dijitali iliyotengenezwa kwa ajili ya mazoezi huwa na nyundo ndogo ndani yake, na zilizo bora hupunguza uzito hatua kwa hatua kutoka besi kwenda juu. Zile zinazotangazwa kuwa na “nusu uzito” kwa kawaida hutegemea springi iliyokazwa kidogo, na springi haifundishi kile kinachofundishwa na nyundo.

Bonyeza polepole kibonye cha chini kabisa, kisha cha juu kabisa, usikie kama vidole vinatambua tofauti. Baada ya hapo chagua noti moja ya katikati uipige mara kumi, ukianza kwa mguso hafifu kabisa na kuongeza nguvu kidogo kidogo. Mfumo wa MIDI, yaani lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki huwasiliana kwayo, unaotumika tangu mwaka 1983, hupima nguvu ya mguso kwa viwango 127; ikiwa katika mapigo yote kumi unasikia sauti za aina tatu tu, yaani ndogo, ya wastani na kubwa, chombo hicho hakitakufundisha kupiga kwa hisia. Kisha bonyeza kibonye cheupe kwa ndani, karibu na mwili wa piano, pale kidole kinapoingia katikati ya vibonye vyeusi. Kikigoma mno, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zenye vibonye vyeusi zitakuchosha kila siku.

Mwisho, zima sauti kabisa na upige. Kelele za vibonye vinavyogonga chini ndizo atakazozisikia aliyelala chumba cha pili wakati wewe umevaa hedifoni ukidhani umemstahi.

Hatua ya 3: Sikiliza noti inavyokufa

Kila piano hulia vizuri noti inapoanza, kwa hiyo usihukumu hapo. Piga noti moja ya besi, iache ilie huku ukiwa umekanyaga pedali, na usikilize hadi mwisho: inapaswa kufifia taratibu na kubadilika rangi ya sauti, si kujirudia kwa mawimbi yanayofanana. Idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja ni muhimu pia, kwa kuwa pedali ikikanyagwa noti hulimbikizana upesi. 64 zinamtosha anayeanza, na 128 huondoa wasiwasi. Spika dhaifu zisikukatishe tamaa, maana hedifoni nzuri huziba pengo hilo.

Hatua ya 4: Kagua pedali

Piga kodi, kanyaga pedali, ondoa vidole, kisha inua mguu polepole sana. Sauti ikikatika ghafla, pedali hiyo ni swichi tu. Ikififia kadiri mguu unavyopanda, inaelewa nusu ya mkanyago, nayo ndiyo utakayoihitaji baadaye. Vipedali vidogo vya plastiki huteleza sakafuni hadi mguu uvifuate, lakini vingi vinaweza kubadilishwa, mradi uhakikishe kwamba piano yenyewe inakubali pedali bora.

Hatua ya 5: Stendi na kiti

Juu ya vibonye vyeupe pawe takriban sentimita 72 hadi 74 kutoka sakafuni, na kiti kiweze kupandishwa au kushushwa hadi viwiko vilingane na vibonye. Stendi ya miguu iliyopishana huyumba mtu anapopiga kwa nguvu na huwabana magoti. Mimi huchagua ya miguu minne.

Hatua ya 6: Kabla ya kulipa

Mamia ya milio na midundo yaliyoandikwa kwenye boksi yapuuze; metronomu (kifaa kinachohesabu mapigo ya muziki), tundu la hedifoni na tundu la USB vinatosha. Ikiwa piano imeshatumika, bonyeza vibonye vyote 88 kimoja kimoja kwa nguvu ileile, bila kukanyaga pedali, na kinacholia kwa kishindo kuliko jirani zake, au kinachochelewa kurudi juu, kitaje kabla hamjapatana bei.