Aplikesheni ya chuo inazingua? Fanyeni hivi muisaidie iwe nzuri

Kila semesta ikianza magrupu ya WhatsApp yanawaka, mara aplikesheni imegoma kufunguka, mara kontroo namba ya kulipia ada haitoki, mara matokeo ya kozi moja hayaonekani, wiki mbili zikipita kila mtu kanyamaza na kitu kimebaki vilevile. Mimi niko mwaka wa tatu hapa Dodoma, tumeshakaa na watu wa tehama wa chuoni kwetu mara kadhaa, na nilichogundua ni kwamba wale mafundi hawakatai kurekebisha, ila ukiwaambia "aplikesheni mbovu" hawajui waanzie wapi. Wapelekee kitu cha kushika.

Anza kwa kuangalia mtu akiitumia. Sio kumuuliza anaionaje, muangalie. Chukua mtu wa mwaka wa kwanza na simu yake mwenyewe, mpe kazi moja tu, mfano "toa kontroo namba ya ada", halafu kaa pembeni unyamaze. Kunyamaza ndo kugumu jamani, mkono unakuwasha umuonyeshe pa kubonyeza. Sisi tulikaa na dada mmoja kwenye benchi nje ya kafteria, simu yake ndogo, kioo kina ufa, akajaza kiasi vizuri kabisa, kibodi ikapanda ikaziba kitufe cha kuendelea, yeye akajua imeishia hapo, akarudi nyuma na fomu yote ikafutika. Akarudia mara tatu. Mwisho akasema basi nitaenda ofisini kesho. Aliyeitengeneza hakuwahi kuliona hilo maana simu yake ina kioo kirefu.

Msisumbuke kutafuta watu mia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi, wanaofuata wanarudia yaleyale, na sisi tuliona hivyohivyo. Ila wachanganye: mwenye simu ya bei ndogo iliyojaa, anayekaa mtaani na kuishi kwa bando, na tafadhali msimsahau mwenzetu asiyeona, anayetumia TalkBack, ile huduma ya Android inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, kwa sababu vitufe visivyoandikwa jina yeye anasomewa "kitufe, kitufe, kitufe" mpaka mwisho. Jaribuni pia nje saa saba mchana, na jua letu hili maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki kabisa.

Mkishaona tatizo chora suluhisho kwenye karatasi, usikimbilie kompyuta. Karatasi moja skrini moja, mtu anabonyeza kwa kidole na wewe unambadilishia karatasi kama vile ndo simu yenyewe, akikwama unafuta kwa penseli hapohapo.

Ripoti iwe fupi: alikuwa anafanya nini, alibonyeza wapi, alitegemea nini, kikatokea nini, simu gani, Android toleo gani, saa ngapi. Weka na skrinishoti, ila ziba jina, namba ya usajili na matokeo ya mtu, hizo ni taarifa zake na nchi ina sheria ya kuzilinda tangu 2022. Chagueni matatizo matatu tu yanayoumiza wengi, mpitie serikali ya wanafunzi ili barua iwe na mhuri, na msiende wiki ya usajili, wiki hiyo hata kuwasalimia hawana muda. Ombeni toleo la majaribio kabla halijatoka kwa wote.

Likija, rudini kwa walewale watano na kazi ileile. Yule dada yetu safari hii kontroo namba aliipata mara ya kwanza, ila ikamshinda kuikopi, akawa anaiandika kwenye kiganja tarakimu mojamoja, tukachukua karatasi nyingine.