Kukimbia kwenye baridi ya Project Zomboid: pata joto bila kulowa jasho

"Kaka, mbona nikikimbia napata joto vizuri, halafu nikisimama tu naganda?" Mdogo wangu aliniuliza hivyo, tukakaa jioni nzima mbele ya kompyuta tukicheza Project Zomboid, gemu ya kunusurika kati ya mazombi, tukilifuatilia swali hilo. Jibu lake ni jasho. Sisi tuliokulia Dar jasho tunalijua kama kero ya jua kali, kwa hiyo mchezaji wa huku halitafuti jasho katikati ya theluji, na ndilo linalommaliza. Ninayoyaeleza hapa ni ya toleo la 41, lile lililotoka rasmi Desemba 2021, ambalo hupima joto la kila kiungo cha mwili peke yake.

Hatua ya 1: Ifuate baridi

Gemu kwa kawaida huanza tarehe 9 Julai 1993 huko Kentucky, Marekani, na Julai kule ni kiangazi. Usisubiri miezi ipite. Ingia kwenye mipangilio huru (Sandbox), unakojipangia mwenyewe masharti ya gemu, weka mwezi wa kuanzia uwe Desemba au Januari, kisha shusha kiwango cha joto. Ukifa, umejifunza mapema.

Hatua ya 2: Soma mwili, usisome alama za pembeni

Bonyeza H, ingia kwenye kichupo cha joto. Utaona umbo la mtu na hali ya kila kiungo: joto la ngozi, unyevu wa mwili, unyevu wa nguo, nguo zinahifadhi joto kiasi gani na zinakinga upepo kiasi gani. Alama ndogo za pembeni mwa skrini hutokea mambo yakiwa yameshaanza kuharibika, kwa hiyo usizitegemee. Mimi kichupo hiki hukiangalia kila ninapoingia mlangoni.

Hatua ya 3: Punguza nguo moja

Ndani vaa ya kuhifadhi joto, nje vaa ya kuzuia upepo, mikononi glavu, kichwani kofia. Kama safari ni ya mbio, vua sweta moja uliweke kwenye mkoba wa begani. Toka nyumbani ukiwa unahisi kaubaridi kidogo. Atokaye akiwa na joto la kutosha atakuwa ameloa kabla hajafika barabara kuu.

Hatua ya 4: Kimbia kwa vipindi

Shift ni mbio za kawaida, Alt ni mbio za kufa na kupona. Tumia Shift. Misuli ya binadamu hugeuza takriban robo tu ya nguvu inayounguza kuwa mwendo, inayobaki yote hutoka kama joto, na watengenezaji wa gemu hii wameifuata kanuni hiyo: kadiri unavyojituma, ndivyo mwili unavyochemka. Kimbia kidogo, tembea kidogo. Alt iache kwa ajili ya mazombi, maana hukuchosha haraka na ukijipenyeza nayo kwenye miti unaweza kuanguka.

Hatua ya 5: Kusimama

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia, soma taratibu.

Ukiwa unakimbia, misuli ni jiko na wewe ndiye kuni. Mwili ukizidi joto hutoa jasho, jasho linaingia kwenye nguo, na nguo iliyoloa haihifadhi joto kama ilivyoandikwa. Yote hayo huyaoni kwa sababu jiko bado linawaka. Ukisimama kupekua kabati au kusubiri kundi la mazombi lipite, joto la misuli linakatika lakini unyevu unabaki pale pale. Maji huondoa joto mwilini haraka takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo koti ulilojivunia asubuhi sasa linakunyonya.

Kwa hiyo usikimbie mpaka mlangoni. Kipande cha mwisho kitembee, ili mwili upoe ukiwa bado kwenye mwendo na jasho lipungue kabla hujasimama. Ukishaingia ndani na kuhakikisha hakuna zombi, fungua kichupo cha joto na uangalie kwanza unyevu wa nguo, halafu unyevu wa mwili. Ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina dawa yake.

Mwili umeloa: jifute kwa taulo. Taulo la kuogea au la jikoni, yote yanafaa, na ninashauri ubebe mawili kwa sababu nalo linalowa. Nguo zimeloa: vua, vaa kavu. Kujifuta kisha kurudia shati lile lile bichi ni kazi bure. Anza na nguo inayogusa ngozi. Watu hubadilisha koti wakaacha fulana na soksi, halafu wanashangaa miguu haipati joto.

Kuna wanaosema dawa ni kuendelea kukimbia ndani ya nyumba. Siikubali njia hiyo hata kidogo. Utapata joto la dakika chache, utaongeza jasho, utachoka, na zombi wa kwanza atakukuta unahema. Afadhali moto, au gari lenye injini inayowaka na kipasha joto, ukikumbuka kwamba injini ina kelele.

Ukicheza na The Long Dark, gemu nyingine ya kunusurika kwenye baridi, tabia hii itakufaa pia. Kule nguo hulowa kwa theluji au ukitumbukia kwenye barafu nyembamba, na zikishalowa huweza kuganda. Chanzo ni kingine, dawa ni ile ile: ndani, moto, nguo kavu.

Hatua ya 6: Maji na chakula

Jasho huleta kiu hata kwenye theluji. Jaza chupa kabla ya kutoka, na kula vizuri.

Ukishapata mafua

Baridi na unyevu vikikutana mafua huja, na kila chafya huita mazombi. Shika karatasi ya chooni mkononi, itapunguza sauti. Kisha kaa ndani, penye joto, mpaka yapone. Kwenda nje tena kukimbia ukiwa na mafua ili "kupasha mwili" ni kurudi Hatua ya 5 ukiwa dhaifu zaidi.